Mtoto Amehesabiwa, Mama Bado

Tangu Mahakama ya Juu ya Kenya itoe uamuzi wake tarehe 30 Juni 2025 kuhusu mirathi ya Muislamu aliyefariki akiwa na watoto nje ya nikaha, mabishano hayajatulia. Kambi moja inashangilia kwamba Katiba imeishinda Sharia. Nyingine inalia kwamba majaji wasiosomea fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, wamejitwalia kazi ya makadhi na kupindua hukumu ya Mwenyezi Mungu. Ukizisikiliza kwa makini utaona zote zinazungumzia mambo mawili tu: mali ya marehemu na nasaba ya mtoto. Mwanamke aliyebeba mimba hatajwi, na akitajwa ni kwa kusimangwa. Naona hapo ndipo tulipokosea kuusoma uamuzi huu. Ni wa haki kwa mtoto, na nitautetea. Lakini kwa mwanamke Mkristo aliyeolewa na Muislamu umeiacha kama ilivyokuwa, na kwa namna fulani umeikaza, hali ya ajabu ambayo sheria imemwekea kwa muda mrefu: wanawe wanahesabika, yeye hahesabiki. Na mwanamke ambaye usalama wake wa uzeeni unapitia kwa watoto peke yao hawezi kusemwa kuwa yuko huru kuamua azae au asizae, lini, na wangapi.

Tuanze na kilichoamuliwa, maana wengi wanabishana bila kukijua. Mjane wa marehemu alipinga watoto ambao mumewe aliwapata nje ya ndoa inayotambulika Kiislamu kuhesabiwa warithi. Aliegemea msimamo unaojulikana wa fiqhi, kwamba mtoto wa nje ya ndoa nasaba yake ni kwa mama na hurithi kwa mama. Katiba ya 2010, kifungu cha 24(4), inaruhusu masharti ya usawa yalegezwe kwa ajili ya sheria ya Kiislamu mbele ya mahakama za kadhi, katika ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, ila kwa kiasi cha lazima tu. Majaji walisema ruhusa hiyo ni finyu, na haiwezi kufikia hadi mtoto aadhibiwe kwa jinsi wazazi wake walivyokutana, ilhali kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi wa kuzaliwa na cha 53 kinatanguliza maslahi ya mtoto. Basi. Hawakufuta mirathi ya Kiislamu, hawakugusa mafungu ya Qur'ani, hawakumvua kadhi kilemba. Na hawakugusa kanuni nyingine ambayo, kwa mwanamke ninayemzungumzia, ni nzito kuliko ile ya nasaba: kwamba Muislamu na asiye Muislamu hawarithiani.

Kanuni hiyo inatokana na hadithi ambayo kila mwanafunzi wa chuoni anaijua, na madhehebu manne ya Sunni yanaitumia hata kwa mke aliye katika Ahlul-Kitabu, yaani Wakristo na Wayahudi. Qur'ani, katika Suratul-Maida aya ya 5, inamruhusu mwanamume Muislamu kuoa mwanamke Mkristo au Myahudi anayejihifadhi na zinaa. Kwa hiyo mke huyu ni halali nyumbani, ana mahari yake, ana haki ya kulishwa na kuvishwa, watoto wake ni halali, lakini mume akifa hana fungu. Wanazuoni hawakuliona hilo kuwa dhuluma tupu, kwa sababu waliacha njia nyingine wazi. Mume anaweza kumpa hiba, yaani zawadi, akiwa hai. Anaweza pia kumwandikia wasia hadi theluthi moja ya mali, na hapo kutokuwa mrithi kunamfaa, maana wasia kwa kawaida hauandikwi kwa aliye na fungu tayari. Tatizo ni kwamba njia zote hizo ziko mikononi mwa mume, na wanaume wa Pwani, Waislamu kwa Wakristo, hawapendi kuandika wasia. Kuandika wasia kwao ni kujitabiria.

Sasa tazama serikali ilivyoongeza chumvi. Sheria ya Urithi, kifungu cha 2(3), inasema mali ya marehemu Muislamu inafuata sheria ya Kiislamu. Haijali mliolewa wapi. Mwanamke akifunga ndoa ya serikali na Muislamu, ndoa ya mke mmoja kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya 2014, anatoka ofisini na cheti akidhani amejiweka chini ya sheria ya nchi. Ni kweli maadamu mume yu hai. Mume akifa, sheria ya nchi inamrudisha kwenye fiqhi, na fiqhi inamwambia hana fungu. Hata mbele ya kadhi hawezi kwenda kwa nguvu ya Katiba, kwa sababu kifungu cha 170(5) kinamtaka kila mhusika awe anafuata Uislamu na awe amekubali mamlaka ya mahakama hiyo. Atakwenda Mahakama Kuu, na kwa maandishi ya sheria jaji naye anatakiwa kutumia sheria ile ile ya Kiislamu.

Kuna la ajabu zaidi, na sijui kwa nini masheikh wetu hawalipigii kelele. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Ndoa kinasema sehemu inayohusu ndoa za Kiislamu ni ya watu wanaofuata Uislamu tu. Fiqhi inamruhusu Muislamu kufunga nikaha na Mkristo anayebaki Mkristo. Sheria ya Bunge haimpi mlango. Yaani serikali imekuwa na masharti makali kuliko Sharia yenyewe. Matokeo yake msichana wa Taita au wa Rabai anaambiwa na wakwe kwamba ili ndoa iandikishwe Kiislamu lazima kwanza atoe shahada, yaani asilimu, na hapo wakwe wanaisema sheria ya nchi, si sheria ya dini. Anayeona kusilimu kwa mabibi harusi ni ushindi wa daawa, yaani kazi ya kuita watu kwenye dini, ajiulize ni wangapi walisilimu kwa imani na ni wangapi kwa fomu.

Hapo ndipo uzazi unapoingia, na unaingia mapema kuliko tunavyokiri. Mara nyingi uamuzi wa kusilimu au kutosilimu hufanywa mimba ikiwa tayari. Fiqhi ina kipimo cha muda mfupi kabisa wa mimba: miezi sita. Wanazuoni walikitoa kwa kuunganisha aya mbili, moja inayotaja miezi thelathini ya mimba na kunyonyesha, nyingine inayotaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha. Mtoto akizaliwa kabla ya miezi sita kutimia tangu nikaha, nasaba yake haifungamani na mume kwa ndoa hiyo. Kipimo kilikusudiwa kumlinda mwanamke asituhumiwe ovyo, maana mtoto wa miezi sita na siku moja hakuna wa kumnyooshea kidole mamake. Lakini katika nyumba zenye dini mbili kimekuwa saa ya kumkimbiza. Nimewahi kukaa na wazee barazani Mombasa wakihesabu miezi kwa vidole, tangu mwezi walioambiwa mimba imeingia hadi Ijumaa ambayo msichana angesilimishwa na kuozwa, na katika hesabu ile ndefu hakuna aliyeuliza kama msichana mwenyewe alitaka kusilimu, kuolewa, au kuwa mama mwaka ule. Kila mtu pale alikuwa na nia njema. Walikuwa wanamwokoa mtoto.

Kwa hili uamuzi wa Mahakama ya Juu una faida ambayo sijasikia mtu akiitaja. Umeondoa sababu ya kisheria ya mbio hizo. Kama mtoto hatanyimwa mirathi ya babake kwa sababu ya tarehe ya nikaha, mwanamke ana nafasi ya kufikiri. Anaweza kuzaa kwanza akaolewa baadaye, au asiolewe kabisa, au aolewe bila kubadili dini, na mtoto asipoteze. Anayesema uamuzi huu unahamasisha zinaa aangalie pia upande huo: unapunguza ndoa za kulazimishwa na mimba, na ndoa ya kulazimishwa haina heshima mbele ya dini yoyote kati ya hizi mbili.

Lakini faida hiyo ina mpaka. Majaji walizungumzia kuzaliwa, hawakuzungumzia dini ya mtoto. Je, mtoto aliyebatizwa atamrithi baba Muislamu? Kwa fiqhi, hapana. Kwa kifungu cha 27(4), ambacho kinataja dini katika orodha ile ile inayotaja kuzaliwa, ujauzito na hali ya ndoa, kuna kesi inayosubiri mtu wa kuifungua. Hadi hapo, mama Mkristo anajua kwamba ubatizo una gharama. Na Kanisa nalo halijakaa kando. Kwa Mkatoliki, ndoa na asiyebatizwa si halali bila ruhusa maalumu ya askofu, na sheria ya Kanisa, kanuni ya 1125, inamtaka upande wa Mkatoliki aahidi kufanya kila awezalo ili watoto wote wabatizwe na kulelewa katika imani hiyo. Kabla ya mageuzi ya mwaka 1970 wote wawili waliahidi. Sasa anaahidi Mkatoliki peke yake na mwenzake anaarifiwa. Upande wa pili, Uislamu unamhesabu mtoto wa Muislamu kuwa Muislamu. Kwa hiyo hata kabla mimba haijatunga, mtoto ameshaahidiwa mara mbili, na aliyepewa jukumu la kutimiza ahadi zote mbili kwa mwili mmoja ni mwanamke. Zipo nyumba zinazogawana, wavulana msikitini na wasichana kanisani. Hizo huhesabiwa kuwa nyumba za suluhu, na pengine ni kweli, lakini mke akijifungua wasichana watatu mfululizo, deni lake kwa upande wa mume linabaki, na ataombwa ajaribu tena.

Nimesikia hoja kwamba hayo yote ni mambo ya utamaduni, na kwamba kikwazo halisi cha haki za uzazi katika ndoa hizi ni dini zenyewe kukataza uzazi wa mpango. Hoja hii ni dhaifu kuliko zote, na inashangaza inavyopendwa hata na watu wa mashirika ya afya. Kuhusu Uislamu, imepokewa kwa Jabir, sahaba wa Mtume, kwamba masahaba walifanya azl, yaani kumwaga nje, wakati Qur'ani ikiteremka, na hawakukatazwa. Ghazali, mwanazuoni mashuhuri wa zamani, aliijuzisha na akataja sababu ambazo mhubiri wa leo angeona haya kuzitaja: mwanamume kutaka mkewe abaki na afya na uzuri wake, na hofu ya mzigo wa watoto wengi. Wanazuoni wengi wa Kihanafi waliweka sharti la idhini ya mke, kwa hoja kwamba ana haki katika mtoto na katika starehe. Wengi wa Kishafii, madhehebu ya Pwani yetu, hawakuliona kuwa lazima. Hapo ndipo penye mjadala wa kweli, idhini ya nani, wala si uhalali wa kupanga. Iran, inayotawaliwa na masheikh, ilianzisha mpango mpana wa uzazi mwaka 1989, na wastani wa watoto kwa mwanamke ukashuka kutoka zaidi ya sita miaka ya 1980 hadi karibu wawili mwanzoni mwa karne hii. Upande wa Wakristo, Waanglikana walifungua mlango mwaka 1930, na Wakatoliki, waliobaki na msimamo mkali tangu waraka wa Papa Paulo wa Sita mwaka 1968, wanakubali kupanga kwa njia za asili. Takwimu za nyumbani pia zinaikana hoja hiyo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Kenya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 57 ya wanawake walioolewa wakitumia njia za kisasa, lakini Mandera na Wajir, kaunti za Waislamu wengi kaskazini mashariki, ni asilimia 2 na 3. Ukisema ni Uislamu, itabidi ueleze kwa nini miji ya Waislamu ya Pwani haifanani kabisa na Mandera. Umbali wa zahanati, shule ya msichana na usalama wa barabara vinaeleza zaidi.

Kinachoitofautisha ndoa ya dini mbili ni kwamba kila neno kuhusu uzazi linageuka kuwa neno kuhusu idadi ya upande. Mke Muislamu akimwambia mume Muislamu kwamba anataka kupumzika kuzaa, ni mazungumzo ya watu wawili, pengine magumu. Mke Mkristo akisema hivyo hivyo, mama mkwe anasikia kitu kingine: hataki kutuzalia Waislamu. Na akienda kwao likizo, mamake naye atamuuliza kwa nini anawazidishia watu wa upande ule. Ndiyo maana wengi huchagua sindano ya miezi mitatu badala ya kijiti kinachopapasika mkononi. Hakuna sheria ya Kenya wala ya Tanzania inayomtaka mwanamke mtu mzima apate ruhusa ya mumewe kabla ya kutumia njia ya uzazi wa mpango, lakini wapo wahudumu wanaouliza mume yuko wapi, hasa mwanamke anapotaka kufunga uzazi. Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake ambao Kenya iliiridhia mwaka 2010, inampa haki ya kuamua idadi na nafasi kati ya watoto. Kenya iliweka pingamizi kwenye sehemu ya utoaji mimba, si kwenye hiyo. Haki hiyo ipo kwenye karatasi. Lakini Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006, kifungu cha 43(5), bado inawaondoa wanandoa kwenye kosa la ubakaji, na mwanamke asiyeweza kusema hapana kitandani atapangaje uzazi? Sheria ya mwaka 2015 ya kinga dhidi ya ukatili wa nyumbani inatambua ukatili wa kingono ndani ya ndoa na inaweza kumpatia amri ya ulinzi. Ni nusu ya mlango.

Wanaoupinga uamuzi wa Juni wana hoja moja nzito ambayo wanaharakati wa Nairobi wanaipita haraka. Waislamu ni wachache Kenya, takriban asilimia 11 kwa sensa ya 2019, na mahakama za kadhi si zawadi ya serikali. Ni sehemu ya makubaliano ya Oktoba 1963, ambayo kwayo ukanda wa maili kumi uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar ulikabidhiwa kwa Kenya, na Jomo Kenyatta aliahidi kwamba mamlaka ya kadhi yatalindwa. Mwaka 2010 makanisa mengi yalipiga kampeni dhidi ya Katiba mpya kwa sababu mbili kubwa, kadhi na kifungu cha 26 kuhusu utoaji mimba, na Waislamu waliiunga mkono kwa kuamini kwamba ahadi ile ingebaki. Mtu aliyepiga kura kwa ahadi, kisha akaona majaji wanaitafsiri kwa ufinyu mwaka baada ya mwaka, ana haki ya kuuliza mwisho uko wapi. Simlaumu. Ila namkumbusha kwamba ahadi ilihusu Waislamu kuhukumiwa kwa dini yao kwa ridhaa yao, na mtoto aliyezaliwa hajawahi kuombwa ridhaa, wala mke Mkristo hakuwahi kuikubali mahakama ambayo Katiba yenyewe inasema si yake.

Hoja yao ya pili haina uzito huo. Wanasema sasa wanawake watawatega matajiri wa Kiislamu, wazae nao, wakusanye mirathi. Kwanza, inamsahau mwanamume, kana kwamba mimba huingia akiwa safarini. Kwa miaka mingi sheria ilimpa yeye motisha iliyo kinyume: angeweza kuzaa kokote akijua kwamba akifa, wa nje hawatagusa chochote. Kama motisha ni kosa, tuanze na hiyo. Pili, na hili ndilo linalonisumbua, ndani ya tusi hilo kuna chembe ya ukweli ambayo wasemaji wenyewe hawaioni. Mwanamke Mkristo aliyeishi na mume Muislamu miaka ishirini, akapika, akauguza wakwe, akajenga naye, hana fungu. Jirani yake aliyeishi miaka miwili na akapata mtoto, ana mlango kupitia mtoto huyo. Je, wa kwanza akiambiwa na dada zake kwamba azae hata wa uzeeni, apate wa kumshikia nyumba, anatega? Anafuata mantiki ya sheria. Aliye tasa, au aliyefanyiwa upasuaji wa kizazi, au aliyeamua na mumewe kwa amani kwamba watoto basi, hana la kufuata.

Wengine huniambia jibu ni rahisi: asilimu. Wanasema hivyo kwa nia njema, na ni kweli kwamba mke aliyesilimu anapata moja ya nane mume akiwa na watoto, au robo asipokuwa nao. Lakini Qur'ani inayosema hakuna kulazimishana katika dini haiwezi kufurahishwa na shahada inayotolewa kwa sababu ya nyumba ya Kisauni. Na mjane aliyesilimu kwa ajili ya ndoa hubaki katika hatari ya kuambiwa alishaurudia Ukristo, alionekana kanisani Krismasi, kwa hiyo hana fungu. Imani yake itakuwa ushahidi wa kesi maisha yake yote.

Upande wa pili, wanasheria wa usekula wanataka wote tuwekwe chini ya sheria moja, tumalize maneno. Wao nao wanauza dawa bila kumpima mgonjwa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inagawa kwa mchango, na Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema usawa wa wanandoa haumaanishi nusu kwa nusu. Kila mmoja athibitishe alichoweka. Mchango unajumuisha kazi za nyumbani, kulea watoto, kuwa mwenzi. Hapo tena, ulezi wa watoto ndio mchango rahisi kuuthibitisha mahakamani, na mwanamke asiye na mtoto anabaki akitafuta risiti. Usekula peke yake haumwondoi kwenye mtego wa kuzaa. Isitoshe, wanawake wengi katika ndoa hizi hawataki kuokolewa kutoka kwa dini. Wanataka dini mbili zinazopita nyumbani mwao zisipite juu ya miili yao.

Kwa mwanamke Muislamu aliyeolewa na Mkristo hali ni tofauti, na ngumu kwa namna nyingine. Fiqhi haiitambui ndoa yake kabisa. Kuishi na mume wa ndoa ya serikali familia inaweza kujifanya haioni, mimba haifichiki. Kwa hiyo kwake kuzaa hakumletei hadhi bali kunamwondolea, na wapo wanaochelewesha mtoto wanayemtamani sana wakisubiri mzazi mgonjwa afariki salama. Hilo nalo ni suala la haki za uzazi, ingawa halimo kwenye fomu yoyote ya kliniki. Uamuzi wa Juni unamsaidia kidogo tu, kwa sababu nasaba ya mtoto kwa mama haijawahi kukanwa na fiqhi. Kinachomzuia mtoto huyo kumrithi mamake ni dini ya mtoto, lile lile swali ambalo majaji hawakuulizwa.

Tanzania hujisifu kwamba ilimaliza haya mwaka 1971, na kwa sehemu ni kweli. Sheria ya Ndoa ya mwaka ule iliziweka ndoa zote chini ya paa moja Tanzania Bara, wakuu wa wilaya wakafungisha ndoa za bomani bila kuuliza kitabu cha mtu, na mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali. Kesi ile ilihusu Waislamu, na mbingu hazikuanguka. Lakini mirathi haikuingizwa chini ya paa hilo. Mume akifa, mahakama bado huuliza aliishi maisha gani, ya Kiislamu, ya kimila au vinginevyo, na mke Mkristo anarudi pale pale alipo mwenzake wa Mombasa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kunyimwa kufaidi mali ya mzazi. Mtoto tena. Hata idadi ya nyumba zenye shida hii haijulikani, kwa kuwa sensa ya Tanzania haijauliza dini tangu 1967, uamuzi wa busara kwa umoja wa taifa ambao umewafanya wanawake hawa wasionekane kwenye jedwali lolote.

Wabunge wa Pwani wakiamua kujibu uamuzi wa Juni kwa mswada, kama baadhi ya waumini wanavyotaka, itakuwa bahati mbaya mswada huo ukipoteza nguvu kupigania kumfungia mtoto mlango uliokwisha kufunguliwa. Kuna kazi mbili zilizo karibu zaidi. Ya kwanza ni kifungu cha 48 cha Sheria ya Ndoa: kiruhusu nikaha ya Muislamu na mwanamke wa Ahlul-Kitabu anayebaki na dini yake, na cheti kionyeshe mahari yake na wasia au hiba aliyokubaliana na mume siku hiyo, mashahidi wakiwepo. Hakuna sheikh anayeweza kusema hilo ni kinyume cha Sharia, maana ni Sharia ikipewa karatasi. Ya pili ni kifungu cha 2(3) cha Sheria ya Urithi: waliofunga ndoa ya serikali waruhusiwe kutamka, wote wawili, ni sheria gani itasimamia mali yao, badala ya kuisubiri ifichuke siku ya matanga. Mapadri na wachungaji wanaotoa mafundisho ya ndoa nao wangeweza kuacha kumwahidisha bibi harusi kuhusu ubatizo wa watoto ambao hawajatungwa kabla hawajamuuliza nyumba atakayoishi imeandikwa kwa jina la nani.